Neno Alilorudi Nalo Kaka Kutoka Kortini

Kaka yangu alienda kortini asubuhi akiwa amevaa shati la mjomba, akarudi jioni akiwa na neno. Tulikuwa tumejiandaa kwa mambo mawili tu: arudi huru, au asirudi. Kwa neno hatukuwa tumejiandaa.

"Wamesema probesheni," mama alisema. Aliuweka mkoba mezani polepole, utadhani neno lenyewe limo ndani na linaweza kumwagika.

"Wamempa?" niliuliza.

"Hawajampa. Wamesema kuna mtu atakuja kuangalia kama anafaa kupewa."

"Ataangalia nini?"

Mama alitazama kuta, akatazama dari, mwisho akanitazama mimi, na uso wake ukakunjamana kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni.

"Sisi," alisema.

Nieleze kosa lenyewe, kwa sababu shuleni limeshaongezewa chumvi hadi kaka yangu amekuwa jangili wa ndovu, na msitu wetu hauna ndovu. Yeye ni mtu wa bodaboda. Nyumba yetu iko kando ya njia ya kwenda Isecheno, msituni, na kazi yake ni kubeba watu, mbuzi, mabati, chochote kinachoweza kufungwa kwa mpira. Kanuni ya kazi hiyo huku kwetu ni moja: humuulizi mwenye mzigo ni nini. Unauliza unaenda wapi. Ukiuliza ni nini, kesho atampigia mwingine simu. Siku ile alipakia magunia yaliyofunikwa majani juu, wenye mzigo wakifuata nyuma kwa pikipiki nyingine. Askari wa msitu walipojitokeza mbele, wale wenye mzigo waliruka mtaro wakapotea kwenye miwa. Kaka alibaki. Angeachia, pikipiki ingeanguka, na pikipiki si yake, na taa ya mbele ilikuwa imefungwa mpya wiki hiyo. Ndani ya magunia mlikuwa na makaa yaliyochomwa msituni. Kwa hivyo kaka yangu alikamatwa kwa ajili ya taa.

Mbele ya hakimu, karani alimsomea shtaka akamuuliza kama ni kweli au si kweli. Mjomba alikuwa amemfundisha njia nzima kusema si kweli. Kaka akasimama pale, akasema: "Ni kweli, lakini..."

Ile "ni kweli" iliandikwa. Ile "lakini" mpaka leo haijulikani ilienda wapi. Hakimu akasema kabla ya kumhukumu anataka kusoma ripoti ya afisa wa probesheni, akampa wiki mbili. Mjomba akamwekea dhamana, wakarudi nyumbani.

Jioni hiyo kila mtu alikuwa na maana yake ya neno. Mjomba alisema ni kama ile ya walimu wapya, wanapofanya kazi huku wakiangaliwa kama watathibitishwa. Baba, ambaye anafanya kazi Nairobi na kwetu sisi anaishi ndani ya simu ya mama, alisema kwa sauti inayokatika kwamba ni kifungo cha nje, mtu anafyeka nyasi za chifu. Jirani yetu aliyekuja kuazima chumvi, na ambaye chumvi anayo, alisema alisikia ni jela ile ile ila unalala kwenu.

"Wewe ndiye unasomanga," mama aliniambia. "Kesho uulize shuleni. Uulize vizuri, usilete vile vichekesho vyako."

Lazima mjue kwamba mimi nina shida ya mdomo. Niko kidato cha tatu, na katika ripoti zangu zote, chini kabisa, walimu wameandika sentensi ile ile kwa miandiko tofauti: apunguze mdomo. Nikiogopa, ndipo unazidi. Wengine wakiogopa hutetemeka, mimi huchekesha. Kwenye mazishi ya nyanya nilitolewa nje.

Siku iliyofuata, kipindi cha Kiingereza, niliinua mkono. "Mwalimu, probation ni nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. "Umepewa na naibu wa mwalimu mkuu!" mmoja akapayuka. "Tulijua tu siku itafika!"

Mwalimu wetu wa Kiingereza ni mama ambaye ukimuuliza neno, hakupi maana mara moja. Anakupeleka kwanza nyumbani kwa neno lenyewe, ukasalimie babu zake. Aliweka chaki chini. Akasema asili yake ni Kilatini, na kwa Kilatini ilikuwa ni kukipima kitu uone kama ni chema. Kabla halijafika kortini, akasema, watu wa dini walikuwa nalo. Msichana akitaka kuwa mtawa, hawamvishi mavazi siku ya kwanza. Wanakaa naye, wanamtazama anavyoamka, anavyofua, anavyonyamaza. Kipindi hicho cha kutazamwa ndicho kilichoitwa hivyo.

"Na kortini lilifikaje?" niliuliza.

Akasema huko Marekani, zamani za babu za babu zetu, kulikuwa na fundi viatu mmoja aliyekuwa akienda kusikiliza kesi. Siku moja akaletwa mlevi, anasubiri kufungwa. Yule fundi akasimama akamwomba hakimu: nipe huyu mtu, nitakaa naye, nitamrudisha siku utakayosema. Akapewa. Alipomrudisha, mlevi amenyoa, ana macho meupe, hakimu hakumtambua. Watu wakaiga, na mwishowe serikali zikaifanya kazi ya ofisi.

"Mwalimu," nilisema, "fundi wetu wa viatu pale sokoni hata kiatu akipewa hakirudishi."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimesimama. "Lakini hiyo ni adhabu ama si adhabu?"

Mwalimu alinitazama kwa namna iliyonifanya nijue kwamba amejua. Mji wetu si mkubwa. "Ni badala ya adhabu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini adhabu yenyewe haijaenda mbali. Imekalishwa pembeni. Ukiharibu, inasimama."

Nilikaa chini na hofu kubwa kuliko niliyosimama nayo. Nilikuwa nimedhani neno la kutoka mbali hivyo litakuwa na huruma ndani yake. Huruma ilikuwemo, sikatai, lakini ilikuwa imekaa kiti kimoja na askari.

Usiku huo tukila obusuma, ugali wetu, na mboga, nilieleza yote: Kilatini, watawa, fundi. Kaka alisikiliza huku akiviringa tonge ambalo hakulila.

"Kwa hivyo mimi ni mtawa," alisema.

"Mtawa wa makaa."

"Nyamazeni!" mama alisema. "Mtu anapelekwa jela nyinyi mnacheza."

Kaka akaliweka tonge kwenye sahani. Tangu atoke kortini alikuwa hapandi pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa bado hajaichukua, kwa hivyo alikuwa akiiosha. Kila asubuhi, maji na sabuni, hata mahali ambapo matope hayafiki. Niliamka nikisikia kitambaa kinasugua chuma. Ilinijia kwamba nikiwa na kaka huyu maisha yangu yote, sijawahi kumwona akiwa hana la kubeba.

Mama naye aliichukulia ile ziara kama posa. Ua ulifagiwa hadi kuku wakawa wanateleza. Tulipewa maneno ya kusema: kijana ni mtulivu, kijana huenda kanisani, kijana hakujua ndani ya magunia mna nini. Hilo la mwisho ndilo lililosisitizwa. "Hakujua," mama alisema akitutazama mmoja mmoja. "Alibeba tu. Sawa?" Na jogoo mwekundu, yule mwenye kiburi, akafungwa kamba mguuni nyuma ya jikoni, tayari.

"Na wewe," aliniambia, "akija, utakuwa shuleni."

"Akija Jumamosi?"

"Utakuwa shuleni Jumamosi."

Alikuja Jumamosi.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, akatokea kwa miguu amevaa gamubuti, mwavuli mkononi, mama wa umri wa mama. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo la kwanza. Tulimtarajia mwanaume. Mjomba, aliyekuwa ameitwa mbio, alituvuta jikoni mimi na mama, na pale katikati ya moshi kukawa na mkutano.

"Imondo atapewa nani?" mjomba alinong'ona.

Huku kwetu ingokho, yaani kuku, ina utaratibu wake, na imondo, ile firigisi, haiendi kwa kila mtu. Hupewa mgeni wa heshima, tena mwanaume. Mjomba amewahi kuwanyima salamu watu wa boma fulani mwaka mzima kwa sababu walimpakulia sahani isiyo nayo.

"Nipewe mimi basi," mjomba alisema.

"Wewe ndiye unamwandikia ripoti?" mama akamrukia.

"Ni mwanamke, dada!"

"Ni serikali!"

Mjomba alifikiri huku jogoo akichemka. "Haya," alisema hatimaye. "Serikali haina mwanaume wala mwanamke. Mpe."

Mimi nilikuwa nimefichwa humo jikoni, na kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kutokuwepo. Kupitia upenyo wa ukuta niliona sebule nzima. Afisa alikuwa ameshazungumza na kaka peke yao pale uani kwa muda mrefu. Sasa alikuwa ameketi, daftari gotini, anauliza mambo ambayo hatukuyafanyia mazoezi: nani huamka kwanza hapa, kaka akikasirika hufanya nini, akiumwa nani humpeleka hospitali. Mama alijibu kila swali kwa kanisa.

Kisha sahani ikaingia. Mjomba mwenyewe aliibeba kwa mikono miwili, firigisi juu kabisa, inang'aa.

Afisa aliitazama. Akafunga daftari.

"Mama, mmenipa heshima kubwa," alisema. "Mimi ni wa huku huku, najua hii ni nini. Lakini siwezi kula kwa mtu ninayemwandikia. Nikila hii, neno lolote zuri nitakaloandika juu ya kijana litakuwa limenunuliwa. Naomba mnielewe."

Alisema kwa upole sana. Lakini kwetu ingokho ikikataliwa, hakuna anayesikia kilichofuata baada ya "siwezi". Mjomba alibaki na sahani hewani. Mama alisema "si neno, si neno" mara nyingi mno, akaja jikoni, akafunga mlango, akakaa juu ya kinu akajifunika uso na leso.

"Amekataa imondo," mjomba alisema akiingia nyuma yake, sauti kama ya mtu anayetangaza msiba redioni. "Kijana ameenda."

Nilitafuta kichekesho cha kusema. Kwa mara ya kwanza sikukipata, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kutafuta hewa, na uso kwa uso, kando ya tangi la maji, alikuwa amesimama afisa akiosha matope kwenye gamubuti.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi niko shuleni," nilisema.

Alinitazama. Nikajitazama.

"Mimi ni kitinda mimba wao," nilisema. "Niliambiwa nisiwepo, kwa sababu ya mdomo."

"Mdomo umefanya nini?"

"Bado. Ndiyo wanaogopa."

Mdomo wake ulijikunja upande, karibu kucheka, lakini alikuwa kazini. Akaniuliza kaka yangu ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na maneno yote niliyofundishwa, yamepangwa mstari: mtulivu, kanisani, hakujua. Nikafungua mdomo, na likatoka jambo jingine kabisa.

"Ni mwoga," nilisema. "Anaogopa bata. Bata wa jirani wakiwa njiani, anazima injini anangoja wapite. Mteja akimwambia kitu, hawezi kusema hapana, anaogopa hata hiyo. Wale wengine walikimbia siku ile. Yeye anaogopa kukimbia."

"Alijua amebeba nini?"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka bomba la tangi. Nilisikia mama akipenga kamasi jikoni. Lilikuwa jambo dogo sana, neno moja, na nyumba nzima ilikuwa imelifanyia mazoezi.

"Makaa yananuka," nilisema. "Na kaka hana mafua."

Hakuandika kitu. Alinishukuru, akafungua mwavuli ingawa mvua haikuwepo, akaenda kwa jirani wa chumvi, na kutoka hapo kwa mzee wa kijiji. Mimi nilibaki pale kando ya tangi.

Siku zilizobaki sikumbuki nilikula nini. Shuleni niliulizwa swali la hesabu nikajibu "makaa". Kila nilipomwona mama akipiga pasi lile shati la mjomba, nilijiambia: mimi ndiye nimemfunga. Wote wamesema hakujua, mimi peke yangu nimesema alijua, na hakimu atalinganisha. Nikiwaza jela, sikuiwaza jela ya kwenye habari. Niliwaza kitu kidogo: kaka analala chali na mikono yake imekaa bure juu ya kifua, hakuna cha kuosha.

Jioni ya kuamkia kesi nilishindwa. Nilimkuta nje, ameinama kwenye gurudumu na mswaki wa zamani, anasugua waya mmoja mmoja.

"Nilimwambia ulijua," nilisema.

Mswaki ulisimama. "Nani?"

"Yule afisa."

Aliukung'uta mswaki kwenye goti. Kisha akasema, "Hata mimi nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilijua. Harufu ile nani haijui? Aliniuliza, nikaona nimesema 'ni kweli' kwa hakimu, sasa nianze kusema si kweli kwa huyu?" Akaendelea kusugua. "Kwa hivyo kwenye ripoti yote mwongo ni mama peke yake."

Tulicheka, kicheko kibaya, cha kubanwa, mikono mdomoni ili mama asisikie. Kilipokwisha aliniuliza, bila kunitazama: "Yule mlevi wa fundi viatu. Baada ya kurudishwa. Aliendelea kuwa mzuri?"

Sikuwa nimeuliza. "Mwalimu hakusema," nilimjibu.

"Aha."

Asubuhi niliruhusiwa kwenda, kwa sababu mama alisema akizimia anataka mtu wa kumshika ambaye si mjomba. Korti yenyewe haikufikia matarajio yangu. Benchi kama za kanisani, rangi imebanduka, feni haigeuki. Watu waliitwa, wakasimama, wakazungumziwa kwa sauti ya chini, wakaondoka upande huu au upande ule. Nilijifunza haraka upande upi ni wa nyumbani. Mzee mmoja mbele yetu alipelekwa ule mwingine, kofia yake ikabaki kwenye benchi.

Kaka alipoitwa, mama alinishika kifundo cha mkono, na hakukishika kama mtu anayezimia. Alikishika kama anayekamata mwizi.

Hakimu alisema amesoma ripoti. Hakusema ndani yake mna nini. Nilimtafuta afisa kwa macho. Alikuwa ameketi pembeni, uso kama ukuta. Hakimu akaanza kusema, taratibu, na karani akigeuza kwa Kiswahili: kwamba yuko tayari kumweka mshtakiwa chini ya probesheni kwa mwaka mmoja. Mjomba akaanza "Asant..." askari akamwangalia, akaimeza.

"Bado sijamaliza," hakimu alisema. Akamwambia kaka maana yake. Utafika kwa afisa kila utakapoitwa. Hutahama bila kusema. Hutaonekana msituni na shoka, panga wala gunia. Hutafanya kosa jingine. Ukivunja lolote, utarudi hapa, nami nitakuhukumu kwa kosa hili hili upya, kana kwamba siku ya leo haikuwepo.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sheria inataka nikuulize. Siwezi kukulazimisha. Unakubali?"

Nilikuwa sijui kwamba huulizwa. Mwalimu hakufika hapo. Nilidhani ni kitu mtu anapewa, kama fimbo au kama chai. Kaka alisimama na mkono juu ya ule ubao wa kizimbani, na hakujibu.

Mjomba alipumua kwa pua. Kucha za mama ziliingia kwenye ngozi yangu. Mtu wa nyuma akasema chini chini, "Huyu naye ni nini?" Na mimi nilikuwa nimekwisha kujua ni nini. Huyu ni mtu anayesema ndiyo kwa kila mwenye mzigo. Nimemwona akisema ndiyo kabla swali halijaisha. Sasa alikuwa ameulizwa swali moja katika maisha yake ambalo alihitaji kulijibu mara moja, na alikuwa ameamua kufikiri.

"Nikishindwa," alisema mwishowe, "nitarudi mimi peke yangu, ama na hawa walioongea juu yangu watarudishwa?"

Hakimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Wewe peke yako."

Kaka akageuka akatuangalia, mama, mjomba, mimi. Jicho lake lilikaa kwangu kidogo zaidi, au nilijidanganya. Akarudisha uso mbele.

"Nakubali."

Nje jua lilikuwa kali. Mama alikumbatia kila mtu, hadi mwanamke mmoja asiyetujua aliyekuwa akisubiri kesi yake. Mjomba alizungumza na baba kwenye simu kwa sauti ya mnada. Afisa alimwita kaka kando, akamwonyesha mlango wa ofisi, akamwambia siku ya kuja. Kaka aliitikia kwa kichwa kila neno, halafu akairudia ile siku kwa sauti, halafu akairudia tena.

Mama na mjomba walibaki kuzungumza. Mimi na kaka tukatangulia kwa miguu kwenda nyumbani. Nilikuwa na vichekesho vingi, vimerudi vyote kwa pamoja. Tulipofika barabara kuu, penye ile mistari myeupe ya kuvukia, nilikanyaga lami nikaenda. Barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na gari, pikipiki, wala mkokoteni. Kwa mbali mbwa tu.

Katikati niligundua niko peke yangu. Kaka yangu, aliyewahi kulipita gari la jeneza kwa pikipiki, tena upande wa kushoto, alikuwa amesimama kwenye ukingo, miguu pamoja, mikono kando ya suruali.

"Twende bana! Hakuna kitu!"

"Ngoja," alisema.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena, muda mrefu, mpaka kule mwisho ambako barabara inapinda na huwezi kujua nini kinakuja. Jasho lilikuwa limelowanisha shati mgongoni. Nikarudi pale ukingoni, nikasimama karibu naye, nikangoja.